Njia Ndefu ya Luhombero

Abiria wengi wa mabasi ya Dar es Salaam na Mbeya wanaijua Ipogolo kwa kupitia dirishani. Basi likishamaliza kona za Kitonga na kuiacha Ilula na matenga yake ya nyanya na vitunguu, linashuka taratibu hadi bonde la Ruaha Mdogo. Wengine wanateremka, mizigo inashushwa, bodaboda wanagombea wa kupanda mjini, kisha safari inaendelea kwenda Mafinga na Makambako. Mji wa Iringa wenyewe umekaa juu ya kilima. Asiyeambiwa anaweza kuupita asijue kama ameupita.

Wanaotazama upande wa pili ni wachache. Barabara ya Kilolo inaachana na barabara kuu hapohapo Ipogolo na kushika uelekeo wa milima ya Udzungwa. Mto nao una njia yake. Maji ya Ruaha Mdogo yanaelekea kaskazini, yanaingia Ruaha Mkuu, yanatua katika bwawa la Mtera, yanapenya pembezoni mwa milima na kuzungusha mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204, ndipo yanatokea upande wa mashariki penye mashamba ya miwa ya Kilombero. Mto mzima, pamoja na nguvu zake zote, haukuweza kukata katikati ya Udzungwa. Ulizunguka.

Gari nalo linazunguka vilevile. Anayetoka Ipogolo kwenda Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, hana budi kurudi njia ya Dar es Salaam, kuteremka Kitonga, kufika mji mdogo wa Mikumi, kisha kukunja kulia na kwenda kilometa zipatazo 60 zaidi kupitia Kidatu. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990. Ndani yake hakuna barabara ya kutembeza watalii, wala yale magari ya paa la kufunguka yanayojaa Mikumi na Serengeti. Mgeni wa Udzungwa anashuka kwenye gari, anakaza kamba za viatu, anatembea.

Wengi wanatembea kidogo tu. Kutoka Mang'ula kuna njia fupi za maporomoko, na iliyo maarufu kuliko zote ni ya Sanje, ambako maji yanaanguka mita zaidi ya 170 kwa ngazi kadhaa, na mtu anaweza kuoga chini yake akarudi kula chakula cha jioni nyumbani. Wanafunzi wa shule wanaipanda wakiimba. Ziko pia njia za watu wenye subira. Ya kilele cha Mwanihana ina kilometa 38 na inachukua siku 3. Ya Lumemo, inayoanzia upande wa Ifakara, ina kilometa 65 na inahitaji siku 5. Kisha ipo ya Luhombero, siku zipatazo 6 kwenda na kurudi, kuelekea kilele cha juu kuliko vyote katika safu nzima. Hiyo haianzii Mang'ula. Inaanzia upande wa Iringa, katika kijiji cha Udekwa wilayani Kilolo.

Luhombero una urefu wa mita 2,579. Kwa nchi yenye Kilimanjaro wa mita 5,895, namba hiyo haimshtui mtu. Pengine hiyo ndiyo sababu ya mlima huu kusahauliwa: Watanzania tumefundishwa kuhesabu milima kwa kilele, na mlima usio na theluji wala cheti cha kutundika sebuleni unaonekana kama kilima tu. Lakini anayepanda Kilimanjaro anapambana zaidi na hewa. Kwenye kilele cha Uhuru hewa ni nusu tu ya ile ya pwani, kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula, na mwongozaji anarudia "pole pole" kwa sababu haraka inaua. Njia yenyewe ni wazi, imekanyagwa na maelfu, na kwenye njia ya Marangu kuna vibanda vya kulala.

Luhombero haimnyimi mtu hewa. Inamchosha kwa namna nyingine. Njia inapanda mgongo wa mlima na kuteremka hadi kijito, inapanda tena na kuteremka tena, mpaka mtu anajiuliza kama siku nzima ameongeza hata mita mia moja. Msitu ni mzito, ardhi inateleza, na ikitokea mtu amevunjika mguu siku ya tatu hakuna gari la kumfuata. Ni lazima abebwe. Ndiyo maana mtu mwenye mapafu ya kawaida na magoti mazima anaiweza njia hii kuliko kijana wa mazoezi ya ukumbini anayedharau kupumzika.

Maandalizi yanaanza mbali na mlima. Udekwa ni kijiji cha wakulima kilichojificha nyuma ya vilima, na usafiri wa kufika huko unategemea mvua na hali ya barabara ya vumbi. Kibali kinatoka kwa Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na ni vizuri kutoa taarifa mapema kwa sababu njia ndefu hazitembewi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Bunduki hiyo ni kwa ajili ya nyati na tembo, wanyama wawili ambao mtu hapendi kukutana nao uso kwa uso kwenye kichochoro cha mianzi. Kwa kawaida hupigwa risasi hewani tu, na mara nyingi haipigwi kabisa, kwani askari mzoefu anasikia tawi likivunjika kabla mgeni hajasikia chochote.

Kisha wanatafutwa wapagazi, vijana wa kijijini wanaojua njia. Mzigo ni wa siku 6 kwa watu wote: unga, maharage, dagaa, mchele, viazi, chumvi, majani ya chai, sukari, sufuria, hema, turubai. Wageni kutoka mjini huja na vyakula vya kopo na mifuko ya kuchanganya na maji ya moto, na kufikia siku ya pili wanaomba ugali. Maji hayabebwi mengi, kwa kuwa Udzungwa ni mlima wa vijito na ni nadra kutembea muda mrefu bila kuvuka kimoja, ingawa mwenye busara huyachemsha au kuyatia dawa. Nguo nzito ni lazima. Juni na Julai usiku wa Nyanda za Juu Kusini unauma hata ndani ya nyumba ya matofali ya kuchoma, sembuse ndani ya hema kwenye mita 2,000.

Asubuhi ya kwanza haina msitu. Njia inapita kati ya mashamba ya mahindi na maharage, nyumba za mabati, watoto wanaokimbia kuwapokea wageni, na wazee wanaosalimia kwa "kamwene" na kusubiri kuitikiwa. Ipo pia mianzi ya ulanzi, mingine bado na vikombe vilivyotundikwa. Msimu mzuri wa kutembea, Juni hadi Oktoba, si msimu wa ulanzi, ambao hugemwa wakati wa mvua. Kwa mtu mwenye siku 6 za kupanda mlima hiyo pengine ni heri.

Msitu unapoanza, unaanza ghafla. Hatua chache nyuma kulikuwa na jua na vumbi, sasa kuna kivuli na harufu ya majani yaliyooza. Miti inapanda hadi mwanga unakuwa wa kijani. Juu zaidi miti inafupika, inavaa ndevu za kuvumwani, mianzi inaziba njia, kisha bila taarifa msitu unafunguka na kutoa uwanda wa majani ya dhahabu, upepo mkali na mbingu pana. Halafu msitu tena. Kupishana huku kwa msitu na majani ndiko kunakoitofautisha safari ya upande wa Iringa na ile ya Mang'ula, ambako msitu unapanda bila kukatika kuanzia karibu mita 250 hadi zaidi ya mita 2,000. Msitu ulioungana hivyo, kutoka nchi tambarare hadi mlimani, umebaki katika sehemu chache sana za Afrika Mashariki.

Sehemu kubwa ya njia hizi haikuchorwa na mtu. Tembo hufuata migongo ya milima kwa miteremko isiyowachosha, vizazi kwa vizazi, na askari wa hifadhi wanatembea humohumo. Ukikuta njia pana, iliyosawazishwa vizuri, inayokwepa mwinuko mkali kwa ustadi, shukuru tembo. Ukikuta na kinyesi chake cha moto, punguza mazungumzo.

Wanaoogopa simba watashangaa kujua kinachowasumbua watu huku. Kupe ni wengi kwenye majani marefu. Siafu wakihama usiku wanaweza kulihamisha kundi zima la wageni kutoka kwenye mahema yao. Lakini kinacholaaniwa kwa lugha zote ni upupu. Kwenye miteremko ya chini, kiangazi, maganda yake yaliyokauka yanapeperusha vinyweleo visivyoonekana, na anayeguswa anajikuna hadi atamani kuchuna ngozi. Wapagazi wanajua ni wapi ulipo na wanapita wakiwa wamefunika shingo. Suruali ndefu na mikono mirefu vina kazi huku kuliko miwani ya jua.

Ajabu kubwa ya milima hii haikuonekana kutoka angani wala kwenye gari. Ilionekana na watu waliolala msituni, na mara nyingi baada ya kuelekezwa na wenyeji. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa upande wa Sanje waliposikia mlio wa nyani mwenye mkia mrefu ambaye, kwa vitabu vya wakati huo, hakupaswa kuwa Udzungwa. Wenyeji hawakuhitaji kitabu. Walimwita ng'olaga na walimjua siku zote. Leo anafahamika duniani kama mangabei wa Sanje, na hapatikani popote nje ya milima hii. Mbega mwekundu wa Iringa naye makazi yake ni hapahapa na kandokando yake.

Kisa cha mwaka 1991 kinapendwa zaidi na wapishi. Watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika msitu wa Ndundulu, jirani na Luhombero, siku kadhaa za kutembea kutoka barabarani. Kwenye sufuria ya chakula iliyopikwa kambini waliona miguu miwili ya ndege wasiyemfahamu. Walianza kumtafuta ndege mzima, akiwa hai safari hii, na wakampata: kwale wa Udzungwa, aliyetangazwa rasmi mwaka 1994. Ndugu zake wengi hawako Afrika. Wako kwenye misitu ya milima ya Asia. Namna kwale mdogo wa aina hiyo alivyobaki juu ya Kilolo, maelfu ya kilometa kutoka kwa ukoo wake, ni jambo linalohitaji kurudi nyuma mamilioni ya miaka.

Mwaka 2003 na 2004 ikawa zamu ya kipunji. Upande wa Mbeya, watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society wakiongozwa na Tim Davenport walikuwa wamesikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye haya anayeishi Mlima Rungwe. Baadhi ya wasomi walidhani ni hadithi za mizimu. Wakamwona. Muda si mrefu, kilometa zaidi ya 300 kutoka hapo, mtafiti Trevor Jones akamwona nyani huyohuyo Ndundulu, bila makundi hayo mawili kujua kwamba yanafuatilia mnyama mmoja. Wakatangaza pamoja mwaka 2005. Mwaka uliofuata uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika kwa miaka 83. Sensa ya kwanza ilikadiria kipunji wote duniani kuwa 1,100 hivi, na wa Ndundulu ni wachache mno kati yao.

Na haikuishia hapo. Mwaka 2005 kamera iliyofungwa mtini ilinasa picha ya sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote waliokuwa wakijulikana, wa gramu 700 hivi. Alitangazwa mwaka 2008. Ana pua ndefu inayochezacheza kama mkonga na miguu ya kurukia, na jamaa zake wa kweli ni tembo zaidi kuliko panya.

Kwa nini hapa? Udzungwa ni kipande cha kusini, na kikubwa kuliko vyote, cha Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya, ukipita Pare, Usambara, Nguru, Uluguru na Rubeho. Milima hii ni mizee. Haikutapikwa na volkano kama Kilimanjaro au Rungwe. Ni miamba ya kale iliyoinuliwa, na misitu yake imekuwepo kwa mamilioni ya miaka kwa sababu ya pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Wakati Afrika ilipokauka na misitu iliyounganisha pwani na Kongo ikatoweka, vilele hivi viliendelea kupata mvua. Wanyama na mimea waliokwama juu hawakuwa na pa kwenda, nao wakabadilika kila mmoja kwa njia yake. Mpaka leo mteremko wa mashariki unapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, huku Iringa mjini ikipata chini ya nusu ya hiyo. Mtembea kwa miguu anaihisi tofauti hiyo shingoni: anatoka Udekwa akiwa mkavu, na kadiri anavyosogea mashariki ndivyo ukungu unavyomlowesha bila mvua kunyesha.

Kutengwa huko kuna hatari yake. Chini ya ukingo wa kusini wa Udzungwa, kwenye maporomoko ya Kihansi, chura mdogo wa rangi ya njano aligunduliwa mwaka 1996 akiishi katika manyunyu ya maporomoko hayo tu. Kituo cha umeme cha megawati 180 kikachukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakapungua, na kufikia 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012, na mabomba ya kunyunyizia maji yamewekwa ili kuiga kazi ya maporomoko.

Kabla ya watafiti na watalii, watu walitembea milima hii kwa sababu nyingine. Baada ya Wajerumani kuiangusha ngome ya Kalenga mwezi Oktoba 1894, Mtwa Mkwawa aliwasumbua kwa karibu miaka minne kwenye milima na mapori ya Uhehe, upande wa Udzungwa ukiwemo. Walikuwa na bunduki na zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Yeye alikuwa na vijia, na wenyeji waliomlisha na kumficha. Hawakumkamata akiwa hai: alijipiga risasi Mlambalasi, Julai 1898. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954, nalo liko katika makumbusho ya Kalenga, safari fupi kutoka Ipogolo.

Miaka 15 kabla ya Kalenga kuanguka, Mskoti kijana, Joseph Thomson, alipanda uwanda wa Uhehe akitokea bonde la Kilombero na kuelekea Ziwa Nyasa. Mkuu wa msafara, Keith Johnston, alikuwa amefia Behobeho mwezi Juni 1879, na Thomson alijikuta na umri wa miaka 21 akiongoza watu wapatao 150. Vitabu vinamsifu. Aliyewajua wapagazi, njia, hongo na lugha za watu alikuwa Chuma, yuleyule aliyekuwa pamoja na Susi walipoubeba mwili wa David Livingstone hadi Bagamoyo. Msafara ule ulifika salama kwa kiwango kilichowashangaza Wazungu wa wakati huo, na si haba kusema kwamba ulifika kwa miguu na akili za Chuma.

Nyanda za Juu Kusini zina njia nyingine ndefu inayostahili kutajwa, hata kwa ufupi. Kutoka Chimala, mkoani Mbeya, barabara inapanda ukingo wa mlima kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu na kuzipa jina, Hamsini na Saba, hadi Matamba na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, kilometa za mraba 413 hivi kwenye mwinuko wa mita 2,600, na ni hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa sababu ya maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kati ya Desemba na Aprili uwanda unafunikwa na okidi za aina zaidi ya 40, ambazo viazi vya baadhi yake vilichimbwa na kuvushwa Zambia kwa mamilioni kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Kutoka hapo mtu anaweza kuvuka milima ya Livingstone kwa miguu kupitia nchi ya Wakinga na kuteremka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, zaidi ya mita 2,000 chini. Magoti yanalia, lakini Jumamosi kuna gulio la vyungu vya akina mama wa Kikisi, na ziwa ni la kuoga.

Nchi nyingine zimegeuza matembezi ya namna hii kuwa taasisi. Marekani ina Appalachian Trail, zaidi ya kilometa 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, iliyokamilika mwaka 1937 na kutembewa yote kwa mfululizo na Earl Shaffer mwaka 1948. Alama nyeupe zimepakwa mitini njia nzima, na mtu anaweza kwenda peke yake kwa miezi. Karibu na kwetu, Rwanda imetengeneza Congo Nile Trail, kilometa 227 kandokando ya Ziwa Kivu, inayopita kwenye vijiji na kuwaachia wanavijiji fedha za malazi na chakula. Tanzania ina milima mingi kuliko Rwanda, na bado mtu akiuliza ramani ya njia za Udzungwa dukani anapewa ya Kilimanjaro.

Hata hivyo, kunakili Rwanda moja kwa moja kungekuwa kosa. Njia ya Ziwa Kivu inapita kwenye mashamba. Njia ya Luhombero inapita kwenye makazi ya tembo na ya nyani wachache wanaohesabika, na kupaka rangi miti ili kila mtu ajipitie mwenyewe ni kumwita jangili pamoja na mtalii. Mitego ya waya bado hutegwa katika misitu hii. Msitu wa Ndundulu kwa sehemu kubwa uko katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambako ulinzi una watu wachache kuliko hifadhi ya taifa. Askari na wapagazi wanaoandamana na wageni ni macho ya ziada msituni, na hilo peke yake linatosha kuutetea utaratibu wa sasa, pamoja na urasimu wake.

Wanavijiji wana hesabu yao. Upande wa Mang'ula, kwa miaka mingi watu waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizoanguka. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011, na uchungu wake haujaisha. Tembo nao wakishuka usiku kwenye mpunga na ndizi hawaulizi mpaka uko wapi, ndiyo maana baadhi ya wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, kwa sababu tembo huogopa nyuki. Mtalii wa Sanje anakiachia kijiji kidogo sana: anafika asubuhi, anaondoka jioni. Wa Luhombero anaajiri watu kwa karibu wiki nzima, ananunua unga na maharage Udekwa, analala nje ya hoteli. Mmoja wa aina hiyo ana faida kwa kijiji kuliko basi zima la wapiga picha.

Kwa anayetaka kujaribu, si lazima kuanza na siku 6. Sanje inatosha kupima viatu. Mwanihana, siku 3, itamwambia kama anaweza kulala msituni na kuamka akiwa na hamu ya kuendelea. Anayetoka Iringa apande basi la Dar es Salaam, ateremke Mikumi na kutafuta gari la Ifakara linalopita Mang'ula. Anayekwenda Luhombero aende baada ya mvua za masika kukatika, apange na TANAPA majuma kadhaa kabla, na anunue betri, dawa za kuharisha na soksi za ziada Iringa mjini kabla ya kuondoka, kwani Udekwa duka lina sabuni, chumvi na vocha za simu.

Na vocha hizo azitumie hapohapo kijijini, maana ukishaingia kwenye mianzi mtandao haupo.